Waziri Mkuu wa Uingereza Akibadilishwa Katikati ya Muhula: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Maoni ya Wananchi

Asubuhi ya tarehe 25 Oktoba 2022, Liz Truss alitoka kwenye mlango wa nyumba namba 10, Downing Street, akahutubia kwa dakika chache, kisha akaenda kwa Mfalme Charles III kujiuzulu. Saa mbili hazikupita kabla Rishi Sunak hajasimama mahali palepale akihutubia kama Waziri Mkuu. Alikuwa wa tatu mwaka ule, na wapiga kura wapatao milioni 47 hawakuulizwa neno. Maswali yaliyojibiwa hapa huulizwa na wasomaji wa Kiswahili kila mabadiliko ya namna hiyo yanapotokea au yanaponukia.

Tahadhari moja ya maneno kwanza. Kiswahili hutumia "kura ya maoni" kwa mambo mawili tofauti: kura halisi inayopigwa na taifa zima kuamua jambo, kama ile ya Juni 2016 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, na utafiti wa kuwauliza watu wachache ili kukisia mawazo ya wengi. Hapa "kura ya maoni" ni ile ya kwanza tu. Ya pili inaitwa utafiti wa maoni.

Je, ni halali kumbadilisha Waziri Mkuu bila uchaguzi mkuu?

Ni halali kabisa. Mpiga kura wa Uingereza hapewi karatasi yenye majina ya wanaowania uwaziri mkuu. Hupewa karatasi yenye majina ya wagombea ubunge wa jimbo lake, moja kati ya majimbo 650, na kiongozi anayeungwa mkono na wabunge walio wengi ndiye anayeitwa na Mfalme kuunda serikali. Kiongozi huyo akijiuzulu, akifariki au akisukumwa na wenzake, chama chake hutafuta mwingine, na maadamu huyo mwingine anaungwa mkono na wabunge walio wengi, Bunge halivunjwi. Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika kitabu kimoja, hivyo sehemu kubwa ya utaratibu huu inasimamiwa na desturi ambayo hakuna anayethubutu kuivunja.

Basi hutokea mara chache tu?

Hutokea mara nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Tangu uchaguzi wa 1945 hadi ule wa 2024, uongozi ulipatikana kwa njia ya uchaguzi mkuu mara 9: Attlee, Churchill aliyerudi 1951, Wilson mara mbili, Heath, Thatcher, Blair, Cameron na Starmer. Waliopokea kijiti katikati ya muhula ni 10: Eden (1955), Macmillan (1957), Douglas-Home (1963), Callaghan (1976), Major (1990), Brown (2007), May (2016), Johnson (2019), Truss na Sunak (wote 2022). Kwa hiyo mlango wa katikati ya muhula umetumika zaidi ya mlango wa uchaguzi.

Sababu hazifanani. Churchill aliondoka akiwa na umri wa miaka 80. Eden aliugua baada ya fedheha ya uvamizi wa Mfereji wa Suez huko Misri. Macmillan alijiuzulu akiwa hospitalini. Wilson aliishangaza nchi nzima kwa kuondoka kwa hiari yake. Thatcher aliangushwa na wabunge wa chama chake mwenyewe, Cameron alishindwa kwenye kura ya maoni ya 2016, na mpango wa May wa kujitoa Umoja wa Ulaya ulikataliwa na Bunge mara tatu.

Nani hasa humchagua Waziri Mkuu mpya, na ni wangapi?

Hapa ndipo wananchi wengi hupata uchungu. Hadi mwaka 1965 wakubwa wa chama cha Conservative walishauriana faraghani na jina likapelekwa kwa Malkia. Douglas-Home alipatikana hivyo mwaka 1963, akiwa bado lodi, ikambidi aache cheo chake cha kuzaliwa ili agombee ubunge katika uchaguzi mdogo. Baadaye wabunge wa chama wakapewa kura, na siku hizi wanachama wenye kadi ndio wanaoamua iwapo wabunge wamewaachia wagombea wawili wa mwisho.

Mwaka 2019 Boris Johnson alipata kura 92,153 za wanachama dhidi ya 46,656 za Jeremy Hunt. Mwaka 2022 Truss alipata 81,326 dhidi ya 60,399 za Sunak. Ukizilinganisha kura za Truss na wapiga kura milioni 47 wa nchi nzima, hao ni chini ya watu wawili katika kila elfu moja. Tena chama hicho hakikumtaka mwanachama awe raia wa Uingereza ndipo apige kura, na wanachama wake kwa wastani ni wazee na wenye nafasi kuliko taifa kwa ujumla. Wiki saba baadaye Sunak aliingia bila hata kura hiyo, kwa sababu mpinzani wake wa mwisho, Penny Mordaunt, hakufikisha wabunge 100 wa kumpendekeza.

Kama sheria inaruhusu, kwa nini wananchi hulalamika?

Kwa sababu sheria inazungumzia wabunge, lakini kampeni huzungumzia mtu mmoja. Kwa majuma kadhaa kabla ya uchaguzi, picha ya kiongozi huwa kwenye mabango, kwenye mabasi ya kampeni na kwenye midahalo ya televisheni, iliyoanza huko mwaka 2010. Mpiga kura huambiwa achague kati ya fulani na fulani. Miaka miwili baadaye, yule aliyemchagua akiondolewa, huambiwa kwamba kumbe hakumchagua mtu yeyote, alichagua mbunge wa jimbo lake tu. Majibu hayo ni sahihi kisheria, lakini hayamtoshelezi mtu aliyesimama kwenye foleni ya kituo cha kura akiwa na jina moja kichwani.

Kuna hoja nyingine ambayo kwa maoni yangu ni nzito zaidi, nayo ni ilani ya uchaguzi. Mtu anaweza kubadilika na ahadi zikabaki, na hapo wananchi wengi huvumilia. Malalamiko huwa na haki zaidi pale kiongozi mpya anapokuja na mambo ambayo hayakuwekwa mbele ya wapiga kura, au anapofuta yaliyowekwa. Ilani ya Conservative ya 2019 ilisema chama hakitaunga mkono uchimbaji wa gesi kwa kupasua miamba mpaka sayansi ithibitishe kuwa ni salama; Truss akaondoa zuio hilo mwezi Septemba 2022, na Sunak akalirudisha mwezi uliofuata. Mpango wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi, uliotangazwa na Johnson mwezi Aprili 2022, haukuwemo katika ilani ile, na bado ulirithiwa na Truss, ukarithiwa na Sunak, ukapingwa na Mahakama ya Juu mwezi Novemba 2023, ukatungiwa sheria mpya 2024, na ukafutwa na Keir Starmer mara tu alipoingia madarakani. Mawaziri wakuu watatu waliubeba mpango ule, na mpiga kura wa kawaida aliupigia kura kwa mara ya kwanza ulipokuwa unakaribia kufa.

Ndiyo maana nasema swali la "nani kamchagua huyu?" halitoshi peke yake. Swali la pili, "nani kayachagua haya anayoyafanya?", ndilo linaloonyesha kama ridhaa ya wananchi imechukuliwa kwa mkopo au imeporwa.

Maoni ya wananchi hupimwaje?

Makampuni kama YouGov na Ipsos huwauliza watu wazima kati ya 1,000 na 2,000, waliochaguliwa au kupimwa uzito ili wafanane na taifa kwa umri, jinsia, eneo, elimu na kura waliyopiga mara ya mwisho. Ipsos imekuwa ikiuliza swali moja tangu miaka ya 1970, kwa maana hii: je, umeridhika au hujaridhika na namna Waziri Mkuu anavyofanya kazi yake? Asilimia ya walioridhika hutolewa asilimia ya wasioridhika, na kinachobaki ndicho magazeti hukiandika kwa wino mkubwa. Wakiridhika watu 35 katika 100 na wasiridhike 50, jibu ni kasoro 15.

YouGov huuliza pia kama mtu ana mtazamo mzuri au mbaya juu ya kiongozi fulani. Katikati ya Oktoba 2022, watu 10 katika kila 100 walikuwa na mtazamo mzuri juu ya Truss na 80 walikuwa na mtazamo mbaya, yaani kasoro 70.

Utafiti si kipimo pekee. Chaguzi ndogo za majimbo na chaguzi za halmashauri ni maoni yanayotolewa kwa kura halisi, na wabunge huziogopa zaidi. Tarehe 23 Juni 2022 chama cha Conservative kilipoteza majimbo mawili kwa siku moja, Wakefield na Tiverton and Honiton, hilo la pili likiwa jimbo ambalo kilikuwa kimelishinda kwa kura zaidi ya 24,000. Johnson alikuwa amenusurika kura ya kutokuwa na imani ndani ya chama chake wiki mbili tu kabla, kwa 211 dhidi ya 148. Kufikia tarehe 7 Julai, baada ya mawaziri na wasaidizi zaidi ya 50 kujiuzulu, alitangaza kwamba anaondoka.

Je, Waziri Mkuu mpya hupendwa mwanzoni?

Kwa kawaida hupewa fungate, ingawa urefu wake hutofautiana sana. Mgeni siku mbili. Ya tatu mpe jembe, na Waingereza hulitoa jembe hilo mapema.

Mfano bora wa fungate iliyotumiwa vizuri ni John Major. Kufikia mwaka 1990 serikali ya Thatcher ilikuwa nyuma ya chama kikuu cha upinzani, Labour, kwa zaidi ya pointi 20 katika baadhi ya tafiti, hasa kwa sababu ya kodi ya kichwa iliyomtoza tajiri na maskini kiasi kilekile katika halmashauri moja. Tarehe 31 Machi mwaka huo maandamano ya kuipinga yaligeuka ghasia pale Trafalgar Square. Mwezi Novemba Thatcher alipata kura 204 za wabunge wenzake dhidi ya 152 za Michael Heseltine, pungufu ya kura 4 tu ya kiwango kilichotakiwa ili ashinde duru ya kwanza, na baada ya siku mbili akatangaza kujiuzulu. Major alipoingia, chama kilipanda katika tafiti ndani ya majuma machache. Watu walimwona mtu mpole, mwana wa familia isiyo na kitu, na muhimu zaidi, serikali yake ilitangaza kuiondoa ile kodi, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na kodi ya halmashauri mwaka 1993. Mwezi Aprili 1992 alishinda uchaguzi kwa kura zaidi ya milioni 14, idadi ambayo hakuna chama kilichowahi kuifikia Uingereza, kabla yake wala baada yake.

Gordon Brown alipata fungate pia, akaipoteza kwa kusitasita. Alipokea kutoka kwa Tony Blair tarehe 27 Juni 2007, akakabili majaribio ya ugaidi, mafuriko na ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, na utulivu wake ukawavutia watu. Tafiti zikaonyesha kwamba angeshinda uchaguzi wa haraka, na wasaidizi wake wakaacha habari za uchaguzi huo zienee. Kisha chama cha Conservative kikaahidi katika mkutano wake kupunguza kodi ya mirathi, utafiti katika majimbo yenye ushindani mkali ukageuka, na tarehe 6 Oktoba Brown akatangaza kwamba uchaguzi haupo. Tangu siku hiyo alionekana mtu anayewaogopa wapiga kura, na sifa hiyo haikumtoka mpaka aliposhindwa mwaka 2010.

Kwa nini fungate ya Truss haikuwepo kabisa?

Aliingia tarehe 6 Septemba 2022, akipokelewa na Malkia Elizabeth II huko Balmoral, na siku mbili baadaye Malkia akafariki. Siasa zilisimama kwa ajili ya maombolezo. Zilipoanza tena, jambo la kwanza kubwa lilikuwa bajeti ndogo ya tarehe 23 Septemba, iliyotangaza punguzo la kodi la takriban pauni bilioni 45 bila kueleza fedha za kuziba pengo zitatoka wapi, pamoja na kufuta kiwango cha juu cha kodi ya mapato kinachowahusu wenye vipato vikubwa. Tarehe 26 pauni ilishuka hadi karibu na dola 1.03, na tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikaingia sokoni kununua hati fungani za serikali ili kuinusuru mifuko ya pensheni. Siku iliyofuata YouGov ikaonyesha Labour ikiongoza kwa 54 dhidi ya 21, tofauti ya pointi 33.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kushangaa kwa nini masoko ya fedha yabadilishe maoni ya mwananchi kwa kasi hiyo. Jibu limo katika mikopo ya nyumba. Familia nyingi za Uingereza hununua nyumba kwa mkopo wa miaka 25 au zaidi, lakini riba hufungwa kwa miaka miwili au mitano tu, kisha hupangwa upya kwa bei ya siku hiyo. Chukua mkopo wa pauni 200,000 wa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 2, marejesho ni kama pauni 848 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 6, ambayo ilivukwa mwezi ule wa Oktoba kwa mikopo mipya ya miaka miwili, ni kama pauni 1,289. Riba zilikuwa zimekwisha kuanza kupanda kabla ya Truss kwa sababu ya mfumuko wa bei, na haki itendeke kwa kulisema hilo. Hata hivyo, aliyepigiwa simu na benki wiki ile alijua ni hotuba gani aliyokuwa ameisikia Ijumaa.

Gazeti la Daily Star liliweka kamera mbele ya letusi, likiuliza kama mboga hiyo itaharibika kabla Truss hajaondoka. Wengi duniani wanaikumbuka habari ile kwa sababu ya letusi. Mimi naikumbuka kwa sababu ya zile pauni 441 za tofauti kila mwezi, ambazo ndizo zilizowafanya watu watazame kamera ile.

Alimfukuza waziri wake wa fedha, Kwasi Kwarteng, tarehe 14 Oktoba; mrithi wa Kwarteng, Jeremy Hunt, akaifuta karibu bajeti yote tarehe 17; naye Truss akatangaza kujiuzulu tarehe 20. Alikaa madarakani siku 49.

Maoni ya wananchi yanaweza kumlazimisha Waziri Mkuu mpya aitishe uchaguzi?

Moja kwa moja, hapana. Tafiti za Oktoba 2022 zilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wananchi walitaka uchaguzi wa mapema, na ombi la kutaka hivyo katika tovuti ya Bunge lilisainiwa na mamia ya maelfu ya watu. Ombi likifikisha saini 10,000 serikali hulijibu. Likifikisha 100,000 hufikiriwa kwa mjadala. Mjadala hauna nguvu ya kuvunja Bunge. Mwishoni mwa 2024 ombi jingine, safari hii dhidi ya serikali ya Labour iliyokuwa na miezi michache tu, lilipata saini zinazokaribia milioni 3, likajadiliwa mwezi Januari 2025, na uchaguzi haukuitishwa.

Tangu sheria ya mwaka 2022 ilipofuta ile ya 2011 iliyoweka mihula maalumu, Waziri Mkuu ndiye anayemwomba Mfalme avunje Bunge, kwa wakati anaouona unamfaa. Njia nyingine ni serikali kushindwa katika kura ya kutokuwa na imani Bungeni, jambo ambalo mara ya mwisho kuzaa uchaguzi lilikuwa tarehe 28 Machi 1979, Callaghan aliposhindwa kwa kura 311 dhidi ya 310.

Isidhaniwe kwamba maoni ya wananchi hayana kazi. Kazi yake hupitia kwa mbunge. Mbunge aliyeshinda kwa kura 3,000 akisoma kwamba chama chake kimeshuka pointi 20, anajua kwamba ajira yake imekwisha, na hapo ndipo barua za kumkataa kiongozi zinapoandikwa. Kwa hiyo wananchi wa Uingereza wana uwezo mkubwa wa kumwondoa Waziri Mkuu, na uwezo mdogo sana wa kuamua nani amrithi. Upungufu huo ndio kiini cha malalamiko yote.

Walioitisha uchaguzi mapema walifanikiwa?

Eden alifanikiwa: aliingia mwanzoni mwa Aprili 1955 na kufikia tarehe 26 Mei alikuwa ameshinda uchaguzi kwa wingi mkubwa kuliko wa Churchill. Johnson alifanikiwa pia mwezi Desemba 2019, kwa viti 365, yaani wingi wa viti 80 juu ya vyama vingine vyote kwa pamoja. Theresa May hakufanikiwa. Aliahidi kwanza kwamba hataitisha uchaguzi, kisha akautangaza tarehe 18 Aprili 2017 akiongoza kwa takriban pointi 20. Pendekezo lake la namna wazee watakavyolipia matunzo yao likawatia watu hofu, na akatoka na viti 317, bila wingi wa Bunge. Idadi ya kura za chama chake iliongezeka, lakini za Labour ziliongezeka zaidi.

Waliosubiri nao wamegawanyika. Macmillan alishinda 1959, Major 1992. Douglas-Home alishindwa 1964 kwa tofauti ndogo, na Callaghan, Brown na Sunak walishindwa.

Mbona kiongozi hupendwa na chama chake kikashindwa?

Kwa sababu maswali mawili hayo hayafanani. Mwaka 1979 tafiti zilimwonyesha Callaghan akipendwa kuliko Thatcher, na bado Labour ikashindwa, kwa kuwa watu walikuwa wamechoshwa na migomo ya majira yale ya baridi. Sunak pia, katika miezi yake ya mwanzo, alikuwa na alama nzuri kuliko chama chake. Kumbadilisha dereva kunasaidia pale abiria wanapoamini kwamba kosa lilikuwa la dereva. Kufikia tarehe 4 Julai 2024 chama cha Conservative kilikuwa na miaka 14 madarakani na viongozi watano. Kilibaki na viti 121, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yake.

Tafiti zinazouliza "je, kama fulani angekuwa kiongozi?" ziaminiwe?

Kwa tahadhari kubwa. Mwaka 1990 tafiti zilisema Heseltine angekirudisha chama juu, na zilisaidia kumwangusha Thatcher, lakini aliyenufaika ni Major, ambaye wengi hawakuwa wakimfikiria. Aulizwaye juu ya mtu asiyemfahamu hujibu kwa matumaini yake mwenyewe. Msomaji atazame pia tarehe ya mahojiano, maneno ya swali, na kama watu wasio na jibu wameondolewa katika hesabu. Tofauti ya pointi 2 au 3 kati ya tafiti mbili mara nyingi si habari. Na tafiti hukosea: mwaka 1992 nyingi zilionyesha Labour ikiwa sawa au mbele kidogo, na Major akashinda kwa zaidi ya pointi 7.

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Uingereza wana sauti katika jambo hili?

Baadhi yao wana sauti kamili, na wengi hawajui. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali, wenye umri wa miaka 18 au zaidi, wanaweza kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi mkuu bila kuwa raia wa Uingereza. Hilo linawahusu Watanzania, Wakenya, Waganda na Wanyarwanda. Haliwahusu raia wa Kongo, Burundi au Oman, ambazo hazimo katika Jumuiya hiyo. Kituoni kunatakiwa kitambulisho chenye picha, na pasipoti ya nchi ya Jumuiya ya Madola inakubaliwa.

Sunak mwenyewe ni tunda la uhamaji wa Afrika Mashariki: baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza mwenye asili ya Kiasia, na alithibitishwa kuwa kiongozi wa chama siku ya Diwali. Furaha ya familia nyingi zenye mizizi Nairobi na Dar es Salaam ilikuwa ya kweli. Mtu anaweza kuifurahia siku ile na bado akaona kwamba njia iliyomleta ilikuwa nyembamba mno.

Je, hii ni sawa na Rais kurithiwa katikati ya muhula Tanzania au Kenya?

Hapana. Rais Magufuli alipofariki tarehe 17 Machi 2021, Samia Suluhu Hassan aliapishwa tarehe 19 kwa mujibu wa Katiba, na alikuwa mgombea mwenza katika uchaguzi wa Oktoba 2020. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo humpa Naibu Rais muda uliobaki. Katika nchi zote mbili mrithi kwa kawaida anajulikana siku ya kura. Uingereza haina mgombea mwenza. Cheo cha Naibu Waziri Mkuu kikiwepo, hakimpi mwenye nacho haki yoyote ya kurithi.

Kuna pendekezo lolote la kurekebisha utaratibu huu?

Mwaka 2010, akiwa bado upande wa upinzani, David Cameron alipendekeza kwamba Waziri Mkuu anayeingia katikati ya muhula alazimike kuitisha uchaguzi ndani ya miezi sita. Alikuwa akimlenga Brown. Chama chake kikaingia madarakani, kikabadilisha kiongozi mara nne, na pendekezo halikuwahi kuwa sheria.

Wapinzani wa wazo hilo wana hoja ya maana: wabunge wakijua kwamba kumwondoa kiongozi kutaleta uchaguzi papo hapo, watamvumilia hata kiongozi mbovu ili waokoe viti vyao. Ningependelea sharti jepesi zaidi, kwamba kiongozi mpya abaki ndani ya ilani iliyopigiwa kura, na akitaka kutoka nje yake katika jambo kubwa kama kodi au mikataba na nchi nyingine, awarudie wananchi kwanza. Sharti hilo lisingemzuia Major kuiondoa kodi iliyochukiwa, kwa kuwa aliwarudia wananchi 1992, kabla mbadala wake haujaanza kutozwa. Lingeizuia bajeti ya Septemba 2022.

Waziri Mkuu mpya akiingia, muda wa Bunge huanza upya?

Hauanzi upya. Bunge hudumu kwa muda usiozidi miaka mitano tangu siku lilipokutana mara ya kwanza, hata kama mawaziri wakuu watabadilishwa mara tatu ndani yake. Bunge lililochaguliwa 2024 lilikutana tarehe 9 Julai mwaka huo. Lisipovunjwa mapema, litavunjika lenyewe tarehe 9 Julai 2029, na uchaguzi hauwezi kupita tarehe 15 Agosti 2029.